Congo ikipata CAN (Kombe ya Afrika ya mupira) siku moya, bale benye kuuzisha inje ya stade bataona nini?

mutoto_wa_Kenya (L'shi)

Bakubwa kwa badogo, jambo yenu. Niko na kiulizo, na ni mabishano ya juzi pa nganda (pa kunywea pombe) njo imenituma huku, paske tulianza na mupira muzuri tukaishia na viti mu mikono. Yaya mumoya anasema Congo inapashwa kuomba CAN, sasa siye tunakosa nini? Kombe tulibeba 1968 na 1974, lakini CAN yenyewe hata siku moya haiyachezwa mu inchi yetu. Gabon na Guinée équatoriale balipokea pamoja 2012, kisha kila mumoya akapokea tena yake peke yake, siye kazi yetu ni kuangalia mu televizio. Papa mwengine akamujibu asema pesa ile iende ku barabara na ku mayi, stade huwezi kuipika mu sufuria. Hapo njo moto ikawaka.

Miye nilinyamaza, mawazo ilienda ku mama. Mama anauzishaka mayai ya kuchemsha na mayi baridi inje ya stade Kibassa Maliba toka niko mutoto mudogo, na nyumba yetu iko karibu, goli ikiingia kule, kwetu kikombe kinatikisika pa meza. Siku ya derby ya ma club yetu, Mazembe na Lupopo, njo siku minervali, pesa ya masomo, inapatikana. Sasa minasikia mu hizi mashindano kubwa banafukuzaka bauzishaji, banasafisha barabara yote, hata kofia yenye jina ya kampuni yenye haikulipa hauingie nayo. Nikamuuliza mama: CAN ikikuya hapa utafurahi? Akasema, "Nitafurahi, lakini uniulizie meza yangu banaiweka wapi."

Basi nauliza. Mutu mwenye alishaona mashindano kubwa na macho yake, ao mwenye anajua namna binapangwaka, aniambie. Si mambo ya benye kujenga, bale benye kuwa inje.

NB: Kenya ni commune yetu ya hapa Lubumbashi, musianze tena.

fidele_wa_Kamalondo

Kenya ilisha pata CAN mukubwa, ya 2027, pamoja na Tanzania na Uganda 😂 ambia mama aanze kuchemsha mayai

Gomatracien_wa_Birere

Mimi niko Goma, nitakuambia kile niliona. CHAN ya 2016, kombe la Afrika la wachezaji wanaocheza ndani ya nchi zao, ilikuwa Rwanda, na kiwanja kimoja kilikuwa Rubavu, Stade Umuganda, yaani ukivuka tu barrière ya mpaka uko karibu. Kundi la pale lilikuwa Zambia, Uganda, Mali na Zimbabwe, Leopards wetu, timu ya taifa, walikuwa mbali kule Huye, lakini watu wa Goma tulivuka hivyo hivyo na jeton (karatasi ya kuvuka mpaka) mu mkono kwenda kuangalia Zambia yenye hatukujua hata mchezaji wake mmoja. Tulikuwa tunapiga makofi kwa kila mtu. Mpira ukiwa karibu na nyumbani hauulizi ni wa nani.

Sasa sikiliza ya mama. Jirani yetu mmoja hapa Birere alikuwa anavusha mandazi. Pa kiwanja penyewe hapakukaribiwa, siku ya kwanza walimrudisha. Siku ya pili hakuenda tena pa kiwanja, alikaa mu njia, pale watu wa kutoka barrière wanapita kwa miguu, wenye njaa, wenye wameamka mapema juu ya foleni. Beseni ilikuwa inarudi tupu. Akasema mwenye kupanga mechi anajua milango, lakini njia ya watu haijue, njia tunaijua sisi. Kwa hiyo mwambie mama asiulize meza itawekwa wapi, aulize watu watashukia wapi na watatembea kupitia wapi, ile kitu inajulikana mapema kama mtu anakubali kuisema.

Jambo lingine, kile kiwanja cha Rubavu ni kidogo, na timu yao ya Etincelles wanacheza pale mpaka leo. Hawakujenga mlima. Na fainali, Kigali, tulipiga Mali 3 kwa 0, Elia mbili na Bolingi moja, huku Goma usiku ule hakuna mtu alilala, hata wenye chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, walikuwa wanabeba watoto juu yake bure.

Halafu mwezi wa 9 mwaka 2025 Kigali wakapokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza mu Afrika, siku nane. Kule shule zilifungwa juma zima juu ya barabara kufungwa. Baiskeli iko na jambo moja nzuri, haina mlango, mtu anasimama tu mbele ya nyumba yake anaona bingwa wa dunia anapita bure. Mimi niliona mu telefone, na umeme wetu munaujua. Kutoka hapa ni kama saa tatu ine ya barabara lakini ilikuwa kama iko Ulaya. Watu wengi walisema mashindano yangeondolewa pale juu ya vita vya huku kwetu, hata Bunge la Ulaya liliomba hivyo, hayakuondolewa. Na sisi mwaka ule ule tukasaini na timu ya Barcelona, zaidi ya milioni 40 za euro kwa miaka mine, jina ya Congo iandikwe pa nguo zao za mazoezi. Siongeze kitu. Pale nilipo hapana nafasi ya kuongeza kitu.

mwalimu_Ibanda (Bukavu)

Ndugu zangu, huyu kijana ameuliza swali zuri kuliko wale wa nganda, maana wao wanabishana kama CAN ni nzuri au mbaya, yeye anauliza mama yake yuko ukurasa gani wa mkataba. Na jibu ni kwamba hayupo, isipokuwa mtu amwandike.

Angalieni Jeux de la Francophonie, michezo ya nchi zinazosema Kifaransa. Mnakumbuka Kinshasa 2023, tarehe 28 mwezi wa 7 hadi tarehe 6 mwezi wa 8. Lakini michezo ile haikuwa yetu. Waliochaguliwa kwanza ni Moncton na Dieppe, Kanada, kwa mwaka 2021. Bei ya kwanza waliyoambiwa ilikuwa kama milioni 17 za dola za kwao, wakaja kufanya hesabu vizuri wakakuta inaelekea milioni 130, na mwanzoni mwa 2019 wakajitoa. Sisi tukachukua. Mji uliokataa ni tajiri kuliko mji uliokubali, mimi nilicheka peke yangu siku ile, wanafunzi wakaniuliza mwalimu kuna nini. Kisha tukaahirisha hadi 2022, tena hadi 2023.

Kwa nini bei inapanda kila mara? Si wizi peke yake, ingawa wizi nao haukosi kwenye karamu. Bei ya kwanza inaandikwa na mtu anayetaka kuchaguliwa, kwa hiyo anaacha ulinzi, anaacha usafiri, anaacha kupanda kwa bei ya vifaa. Halafu kuna tarehe. Ukijenga nyumba yako na mwuzaji wa saruji akapandisha, unamwambia sawa, nitajenga mwaka ujao. Ukijenga uwanja wa mashindano, yule mwuzaji anajua siku ya ufunguzi imeshatangazwa dunia nzima, basi atakuambia bei anayotaka na utalipa na asante juu yake. Na ukisogeza siku, ile miezi ya nyongeza nayo inakula. Montréal walipokea Olympique 1976, deni la uwanja likamalizika 2006. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa michezo alikuwa na miaka 30, pengine na watoto wake, bado wanalipa mashindano ambayo hakuyaona.

Jambo la pili, nchi inasaini mengi KABLA ya kuchaguliwa. FIFA kwa mfano inadai msamaha wa kodi, inadai eneo la kuzunguka uwanja liwe la wadhamini wake tu. Siku mama anafukuzwa na polisi, yule polisi hana kosa kubwa, anatekeleza karatasi iliyosainiwa miaka mingi nyuma, ndani ya chumba chenye baridi ya mashine.

Lakini karatasi inaweza kuguswa. Salvador, Brazili, kuna akina mama wanauza acarajé, ni kama mandazi ya kunde, inakaangwa ndani ya mawese, ndiyo, mawese haya haya yetu, yalifika kule pamoja na watumwa kutoka Afrika. Walikuwa wanauza pa uwanja wa Fonte Nova miaka na miaka. Ilipokuja Kombe la Mabara 2013 na Kombe la Dunia 2014 wakaambiwa hapana nafasi. Hawakulia tu, walikusanya sahihi za watu, wakavaa yale magauni yao meupe, wakaenda hadharani, na mwisho FIFA ikakubali, akina mama sita wakaingia kuuza ndani ya eneo la uwanja. Mwambie mama yako kwamba hilo lilifanyika, si hadithi.

yaya_wa_pa_nganda

Njo miye yaya mwenyewe 😂 Minaona mutoto alikuya kunishitaki huku. Sawa.

Munahesabu saruji, munahesabu deni, hakuna hata mumoya anahesabu jina. Boksi ya Ali na Foreman, 30 octobre 1974, Kinshasa, leo ni myaka zaidi ya 50 na bado ukisema Kinshasa ku Mumarekani muzee anakujibu Ali. Stade yenye balipigana, Tata Raphaël, ilikuwa inaitwa 20 Mai. Milioni 5 ya dolar kila muboksa, ndiyo ilikuwa mingi, na ndiyo balipigana saa kumi ya usiku juu Bamarekani baangalie saa yao ya muzuri, ile minakubali ni matusi kidogo. Lakini babu yangu alikuwa pale na alikufa akiwa anaisimulia.

Na juzi juzi pa CAN ya Maroc, ule supota wetu mwenye alisimama mechi muzima bila kutikisika, mukono juu, sawa sanamu ya Lumumba. Dunia yote ikauliza Lumumba alikuwa nani. Ile tangazo ilikula pesa ngapi? Zero.

Gomatracien_wa_Birere

Yaya, ile ilikuwa Maroc. Hatukujenga pale hata choo. Unatupa sababu ya kutopokea 😂

Na wale wa Maroc wenyewe, mwezi wa 9 wa 2025, vijana walishuka mu barabara miji mingi, wanasema stade tunaziona, hospitali ziko wapi, kisha wanawake nane kufa mu hospitali moja ya Agadir wakizalishwa. Na Maroc iko na pesa kutushinda.

yaya_wa_pa_nganda

Sawa ile umenifunga. Lakini babu yangu hapana.

jile_ya_machungwa (L'shi)

Miye nilifanyaka kazi ya stadie, ya kuongoza bantu pa stade, myaka ine, stade gani sitasema, mechi gani sitasema. Banakupa jile (kizibao) ya rangi ya machungwa, mukate moya, na pesa kidogo yenye kuchelewa. Mwalimu anasema mambo ya mikataba, iko kweli, lakini miye nitawapeleka pa mulango, paske pale njo mashindano inaharibikiaka.

Bantu banazania umati inauana juu ya furaha ao juu ya ulevi. Hapana. Umati inauana juu wa nyuma haone ya mbele. Wa mbele iko anabanwa ku chuma, hawezi hata kupiga kelele, wa nyuma anasikia stade inaimba anaona sawa mechi imeanza, anasukuma kidogo tu, kidogo sana, na kila mutu anasukuma kidogo. Siku moya kwetu mulango wa upande ulikuwa na kofuli na mwenye funguo alienda kukula bukari (ugali). Dakika makumi mbili. Tulipitisha mutoto mumoya juu ya bichwa ya bantu, mukono ku mukono, sawa beseni, mupaka inje. Hakuna mwenye alikufa, ni Mungu. Keshoyake hakuna mutu aliandika hata karatasi moya juu ya ile kofuli, na mechi yenye ilifuata kofuli ilikuwa pale pale. Miye niliacha kazi.

Kwa hiyo nilipoona ya Olembe pale Yaoundé sikushangaa. 24 janvier 2022, Cameroun na Comores, stade mupya kabisa, pesa nyingi, bantu 8 balikufa pa mulango. Motsepe, president wa CAF, shirika ya mupira ya Afrika, mwenyewe alisema ule mulango ulipashwa kuwa wazi na ulifungwa bila sababu yenye kueleweka. Robo fainali bakaiondoa pale. Kwetu Kinshasa, octobre 2022, Stade des Martyrs, haikuwa hata mupira, ilikuwa konser ya muziki, leta ikatangaza bantu 11 balikufa. Na Nairobi, CHAN ya 2025, bantu balivunja wakaingia Kasarani bila tike, CAF ikakata hesabu ya benye kuingia. Bale bote biko na masaruji. Kofuli ni kintu ya dolar tano.

Binafanywaka hivi, na haiombe milioni: tike inaangaliwa mbali, mbele mutu afike pa mulango, mwenye hana anarudia kule kule kwenye kuko nafasi ya kugeuka. Milango inafunguliwa masaa mbili tatu mbele. Na kuko mutu MUMOYA mwenye ruhusa ya kusema mechi ingojee, hata president iko amekaa, hata televizio inakasirika. Kwetu ule mutu hayuko. Kuko bantu makumi mbili benye talkie na hakuna hata mumoya anaweza kusema ngoja.

Juu ya mama, mutoto wa Kenya: meza yake mu njia ya kutokea, hapana, siku ya hatari inaangusha bantu, hapo polisi iko na haki. Lakini meza mbali kidogo, mu barabara ya kufikia, miye ningezilipa hata pesa zikae pale. Mutu mwenye anasimama kukula yai na pilipili anafika pa mulango dakika kumi nyuma ya mwenzake. Benye kuuzisha njo banapunguzaka umati bila kujua. Hakuna chef hata mumoya aliniuliza ile kintu.

da_Ruashi

Munasema milango ya stade lakini kazi haiishie pale. Munasahau 2010? Mazembe Abu Dhabi, tukapiga Pachuca, tukapiga Internacional ya Brazili, Kidiaba, golikipa wetu, anaruka na matako, timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya kombe ya dunia ya ma club, miye nilikuwa mu secondaire nililia. Tarehe 18 mwezi wa 12 Inter ya Milan batupiga 3. Na hapa mugini, kilometre maelfu mbali na stade, bantu bakaenda kuvunja butike ya Bachina. Juu ya nini? Juu arbitre alikuwa Mujapani, bakamuzania Muchina. Nishimura, Mujapani. Mutu anauzisha sufuria na malapa, hajui hata offside ni nini, butike yake inavunjwa juu ya mutu wa inchi ingine mwenye hata hakukosea sana, tuseme tu ukweli, tulipigwa.

Sasa ile fainali hatukuipokea siye. Ingekuwa hapa? Mwenye kupanga anapashwa kuhesabu pia usiku wa kufungwa, quartier kwa quartier. 2015 fainali ya Afrika ya ma club ilichezwa hapa pa Kamalondo, tukashinda USM Alger, kukawa furaha, bantu bakasema "munaona, tunaweza kupanga". Tulishinda! Kupanga usiku wa kushinda hata mutoto anaweza.

fidele_wa_Kamalondo

da Ruashi umeniumiza na nilikuwa nakula

mwalimu_Ibanda (Bukavu)

Hiyo ya dada nitaitumia darasani, kwa ruhusa yake. Na ya kofuli.

mutoto_wa_Kenya (L'shi)

Aksanti bote. Jana usiku courant ilikatika nikamusomea mama byote na torche ya telefone, kuanzia mwanzo. Ya butike ya Bachina anaikumbuka, asema siku ile alifunga meza mapema na mayai ikabakia, tulikula mayai siku tatu, miye nilikuwa nimesahau. Ya mama wa Birere aliitika tu na kichwa, sawa mutu mwenye unamuambia kintu anajua. Pa mutoto wa juu ya bichwa alinisimamisha, akauliza alikuwa mutoto wa nani na kama mama yake alikuwa karibu. jile_ya_machungwa, kama unajua umuambie.

Kisha ya mwalimu, bale bamama ba Brazili. Alifurahi sana ya mawese. Akasema rudilia. Nikarudilia. Akauliza, "Baliingia bangapi?" Nikasema sita. Akanyamaza kidogo akitengeneza ile kitambaa yake ya kufunika beseni, kisha akasema, "Sita. Na mbele ya ile mashindano balikuwaka bangapi pale?"

Mwalimu, uko? Anangojea, na dimanche kuko mechi.